Mashine Isiyotaka Vumbi

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la mashine hapa Tabora. Akaingia mzee, mfanyabiashara wa Isevya, amebeba boksi la umeme alilolifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Ndilo linaloongoza mashine yake mpya ya kusaga visiki. Aliipeleka Kaliua kusafisha shamba, ikasaga kisiki kimoja na nusu, ikawasha taa nyekundu, ikagoma.

"Shikamoo, mzee," alisema muuzaji.

"Marahaba. Imegoma tena, mara ya tatu hii."

Muuzaji akafungua boksi, akalipuliza, akatikisa kichwa. "Limeingia vumbi, mzee. Tena limetikisika sana. Hii ni kompyuta, haitaki mambo hayo. Warantii imekufa, hatukutengenezei bure tena."

"Kwa hiyo visiki nikavisagie sebuleni, juu ya zulia?"

Nikajiuliza kama aliyeiunda mashine hiyo aliwahi kuona kisiki, au alisimuliwa tu.

Mzee akapitisha kidole kwenye kioo cha kaunta, akakiinua kikiwa chekundu kwa vumbi. "Hata hapa kwako limejaa. Mbona wewe unafanya kazi?"

Muuzaji akakitazama kile kidole. "Mimi, mzee, sijawahi kuwa na warantii."