Picha ya Mvua ya Rufaeli

Tibebu Alemseged, mpiga picha wa Debre Markos, aligombana na kamera yake miaka nenda miaka rudi. Kamera iliamini mwaka una miezi kumi na miwili. Tibebu, kama kila mtu mwenye akili timamu mjini pale, alijua ni kumi na mitatu: kumi na miwili ya siku thelathini, kisha Pagume, kamwezi ka siku tano ka kufungia mwaka. Basi akaitegea kamera tarehe za kwao na saa za kwao, na kila mwezi ulipoanza akairudisha kwenye mstari kama mbuzi mtoro.

Pagume ikifika kamera ilikataa katakata. "Kaidi wewe!" aliiambia, kisha akairudisha nyuma ihesabu upya siku tano za mwisho za Nehase, mwezi uliotangulia. Kwa hiyo picha zake zote za Pagume zilibeba tarehe za Nehase. Yeye mwenyewe alijua, na aliona hiyo yatosha.

Wanunuzi wa ng'ambo walipotaka picha zenye tarehe za Kizungu, hakubabaika. Alifungua kile kidirisha cheusi cha kompyuta kisicho na mapambo, akaandika amri ya mstari mmoja, na picha maelfu zikasogea mbele miaka saba na miezi yake, kiasi ambacho kalenda ya kwao iko nyuma ya ile ya Kizungu, huku yeye anakunywa kahawa. Programu ile huacha nakala ya asili kando ya kila picha, kwa watu wenye mashaka. Tibebu hakuwa na mashaka. Nakala aliziita takataka, akazifuta. Alikuwa fundi kweli, lakini majivuno yake yalichosha.

Kahawa ilitoka kwa Simegn, mjane wa kibanda cha jirani. Mwaka mpya ulipoingia, polisi walimchukua mwanawe, Bantayehu. Ghala la nafaka ya tefu lilichomwa kijijini kwao, mbali na mji, siku ya tatu ya Pagume, ndiyo siku ya malaika Rufaeli, na mlinzi akafia ndani. Watu wawili waliapa kwamba walimwona kijana akikimbia.

"Gashe Tibebu," Simegn alisema, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa, hajaketi hata kidogo, "si ulimpiga picha siku ile? Mvua iliposhuka, vijana wakavua mashati uani mwa kanisa?"

"Nilimpiga! Tulia dada yangu, mwanao anatoka."

Picha ilikuwepo. Mvua ya Rufaeli ni baraka, nani haogi? Bantayehu alisimama kifua wazi mbele ya kanisa la mjini, amepanua mdomo juu, anaikinga mvua kwa ulimi. Tarehe iliyofichwa ndani ya picha, hata hivyo, ilikuwa ya siku tano kabla ya moto.

Angeweza kumwendea wakili wa kijana akamweleza ule ugomvi wake na kamera. Ingemchukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Lakini fundi mzima aende kusema kwamba picha zake zote za Pagume zina tarehe za uongo? Akaandika mstari mmoja wa kuipeleka kwenye tarehe za Kizungu na siku tano mbele, akafuta nakala kama kawaida yake. Sasa tarehe ilikuwa ya kweli, na kwa kuiweka hivyo alijipalia makaa yeye, na Simegn na mwanawe pia.

Mahakamani mtaalamu wa upande wa mashtaka aliichungulia ile picha kwa kompyuta yake. Mwendesha mashtaka akainuka anatabasamu.

"Picha hii imeguswa baada ya kijana kukamatwa. Nani aliigusa?"

"Mimi. Nilisahihisha tarehe."

"Ulisahihisha! Kwa kazi kubwa?"

"Mstari mmoja tu."

"Na mstari huohuo ungeweza kuipeleka mpaka Krismasi?"

"Ungeweza."

Watu wakacheka. Hata askari wa mlangoni alicheka.

"Ile ya asili iko wapi, bwana fundi?"

"Niliifuta. Ilikuwa na kosa."

Hapo ndipo alipoanza kueleza habari za Pagume, mbio mbio, jasho linamtoka, na hakuna aliyemsikiliza. Mtu aliyekamatwa na kisu mkononi haaminiwi akisema alikuwa anamenya kitunguu.

Bantayehu alipewa miaka kumi na minane. Kabla ya kuondoka, hakimu alimtazama Tibebu juu ya miwani.

"Mimi ni mzaliwa wa hapa," alisema. "Kamera ya mjomba wangu nayo haikuijua Pagume. Ungeileta na kosa lake, ningekuelewa."

Simegn alikuwa amesimama hapo hapo, kila neno akalisikia. Hakulia. Alimngoja Tibebu nje kwenye ngazi, shuka lake jeupe amelivuta mpaka kwenye paji la uso.

"Kwa nini hukuwaambia mapema?"

"Niliona haya," Tibebu alisema.

"Haya ya nani?"

"Ya watu. Wangesema sijui kazi."

Simegn alitikisa kichwa polepole.

"Unaijua, Gashe," alisema. "Mwanangu atatoka na mvi, na watu bado watakuwa wanasema unaijua kazi."