Tulifungua group la walioachishwa kazi Ngara na Biharamulo, tukaanza kuandikiana ripoti

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hii siyo chai. Nimebadilisha majina tu, mengine yote yalikuwa hivi hivi ninavyoandika. Anayetaka kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi ni mwanamke wa Kanazi, Ngara. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mradi wa shirika fulani, upande wa tathmini. Yaani kazi yangu ilikuwa kuwauliza wenzangu ripoti iko wapi.

Wafadhili wakakata hela, mradi ukafungwa. Tuliitwa ukumbini, tukapewa soda na barua. Soda yenyewe ya moto.

Nikarudi kwa mama. Kijijini walikuwa wananiita Mama Mradi, na hilo jina halikufungwa pamoja na mradi. Nikipita dukani: "Mama Mradi, likizo hii ndefu!" Nacheka nao. Nikifika nyumbani naingia jikoni nalia, moshi unabeba lawama.

Mama siyo mtu wa kudanganywa na moshi. Siku moja akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, mtu akifiwa hapa tunamjaza nyumba. Wewe umefiwa na kazi, mbona uko peke yako? Wenzako wako wapi?"

Nikachukua simu nikafungua group la WhatsApp, nikawaingiza wote tulioachishwa, wa Ngara na wa Biharamulo. Wengi tuko kwenye ule umri ambao matangazo ya kazi yanataka kijana na shamba linataka mgongo. Nikajiapiza group hili halifi, hata nibaki naandika peke yangu.

Sasa chekeni kidogo.

Watu wa miradi ukituweka pamoja, hata msibani tutataka ajenda. Tukapitisha hadidu za rejea. Tukachagua kamati. Na mimi kwa ugonjwa wa kazi yangu nikaagiza kila Jumatatu mwanachama atume ripoti ya wiki: mafanikio, changamoto, way forward.

Na watu wakatuma!

"Mafanikio: nimekutana na wadau. Changamoto: mtandao. Way forward: kuendelea kufuatilia." Mdau mwenyewe ni jirani aliyekuja kuazima jembe.

Group la watu waliopoteza kazi, na hakuna hata mmoja mwenye shida. Jamani!

Aliyetuzidi wote kwa ripoti nzuri ni Deo wa Runazi, kule Biharamulo. Mradini alikuwa afisa usafirishaji, mtu wa magari na mafuta. Nilikuwa namtolea mfano kwa wengine.

Asubuhi moja nikapigiwa na namba ngeni.

"Shikamoo dada. Mimi mke wa Deo. Mtoto anachemka tangu alfajiri na simu ya baba yake haipatikani. Huko kwenye mradi mpya sina namba ya mtu, ninayo yako tu ya mradi wa zamani. Nisaidie kumpata."

Mradi mpya? Mradi upi tena?

Nikaelewa nikiwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Mwenzetu hakuwa amesema nyumbani. Kumbe, kwa maelezo ya mkewe, kila siku anavaa kile kizibao cha shirika chenye mifuko mingi, anapanda pikipiki, anaaga kwamba anaenda field.

Nikamwambia yule mama ampeleke mtoto zahanati, mimi namtafuta mumewe. Sikumchoma Deo, na sikumtetea.

Namba yake ya kawaida kweli ilikuwa imezimwa. Lakini WhatsApp alikuwa anaitumia kwenye laini nyingine, nikamwandikia inbox: "Mtoto anaumwa. Rudi nyumbani sasa hivi."

Akajibu: "Siwezi kurudi saa hizi dada. Nitasema nimetoka wapi?"

Wakuu, niliumia. Mtoto anaumwa, baba mzima anasubiri muda wa kutoka kazini, na kazi yenyewe haipo! Halafu hasira ikanipanda, siyo kwake. Kwangu na kwa zile ripoti zangu.

Nikaingia kwenye group nikaandika:

"Leo sitaki mafanikio ya mtu. Mimi sina kazi. Nalia jikoni, nasingizia moshi. Naogopa kupita dukani. Nani mwingine?"

Tiki za bluu zinaongezeka, hakuna anayeandika. Nikasema basi, nimejivua nguo mbele za watu.

Ndipo akaandika mama mmoja wa Murukulazo, zamani muuguzi wetu: "Mimi siku hizi kanisani nachelewa makusudi, nisisalimiwe." Akafuata mwingine, hajafungua begi lake tangu arudi. Mwingine naye, wadogo zake bado wanampigia wakijua ana mshahara, na anawaambia wasubiri. Ikawa mvua.

Jina la Deo sikulitaja mahali popote. Baadaye naye akaandika maneno mawili: "Naenda nyumbani."

Nilishinda nimeshika simu. Jioni mkewe akapiga. Mtoto ni malaria, ameshaanza dawa. Na Deo amekaa chini, amemwambia yote.

Nikaanza kumwombea msamaha, "Mdogo wangu, usimchukie..."

Akanikatisha. "Dada, mimi nilikuwa najua."

"Ulijuaje?"

"Kizibao nafua mimi. Zamani kilikuwa kinarudi chekundu kwa vumbi la barabarani. Siku hizi kinarudi safi. Nikawa nakifua hivyo hivyo kikiwa safi, asijue kwamba najua."

Nikamuuliza mbona hakumwambia.

"Nikisema mimi ataona aibu mbele yangu," akaendelea. "Nikatafuta mtu aliyeachishwa kama yeye, ndiye amwambie arudi. Nikakuona wewe."

Alilia yeye, nikalia mimi, na siku hiyo sikuwa karibu na moshi wowote.

Kamati tuliivunja. Ripoti nilifuta. Group sasa linaitwa Tumerudi Nyumbani na lina sharti moja: kabla hujatuma tangazo la kazi au kuomba ushauri wa biashara, sema leo yako ilikuwaje, kweli. Deo anabeba maharage ya watu wa Runazi kwenda sokoni. Muuguzi bado anatafuta. Mimi pia. Dukani napita, wakiniita Mama Mradi nawajibu mradi umekufa, mama yupo.

Nilichojifunza: nyumbani wanajua. Wanakufulia tu, wanakusubiri useme.

Kama wewe nawe umeachishwa na unasoma huku umevaa tai na huna pa kwenda, andika hapa chini. Leo yako imekuwaje? Ripoti sipokei.