Mtaa Uliopinda Penye Zizi

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa nimeolewa majuzi tu hapa Dodoma, enzi za Mjerumani, reli imefika na mji unabadilika kila kukicha. Macho yangu hayakutulia. Leo nyumba ya bati, kesho duka lenye mlango unaotazama barabara; sisi wa tembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa, tulizoea milango ya kutazama zizi.

Asubuhi hiyo walikuja watu wa vigingi na kamba, wananyoosha mtaa kutoka stesheni. Kamba ikapita katikati ya zizi letu. Nikamfuata msimamizi wao, Mrangi wa Kondoa, nikamuuliza barabara inakwenda wapi na nani ataipita. Kisha nikakimbia kumsimulia mama mkwe, aliyekuwa anapeta uwele.

Akaweka ungo chini. "Umeuliza inakokwenda. Mbona hukuuliza inapopita?"

Nikaona haya, kwani nilijua. Kwetu Wagogo mwenye kaya huzikwa zizini mwake, na mle alilala baba mkwe, chini ya mawe yake.

Mama mkwe akamwendea yule Mrangi. Hakugomba, japo ukali wa ulimi wake nilikuwa nimekwisha kuuonja! Alimwonyesha mawe tu.

"Mwanangu, huyu ndiye mwenye nyumba. Muombe yeye njia."

Mrangi akachuchumaa, akayashika mawe. Nilimwogopea, maana kuhamisha kigingi bila ruhusa malipo yake yalikuwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano. Mwishowe akasema, "Nimesikia, mama," akaking'oa kigingi, akakisogeza kando.

Mzungu, mkubwa wao, alipokuja akachungulia kamba, akaona imepinda, akafoka.

"Bwana, pale pana mawe," Mrangi akajibu. Hakusema uongo. Mzungu akayatazama, akatutazama, akaenda zake. Nilikaa chini nikalia.

Tembe lilibomoka zamani, sasa ni nyumba za tofali pande zote. Ila mtaa bado umepinda pale, nanyi vijana mnapita mkicheka kwamba wazee hawakujua kunyoosha kamba.

Kuuliza si ujinga, mwanangu, na mimi udadisi haujaniisha hadi leo. Lakini kabla hujajenga au kubomoa, uliza nani amelala hapo. Na ukikuta njia imepinda, usicheke upesi; huenda mtu aliuweka mgongo wake rehani ili ipinde. Mungu akujalie nyumba imara, na siku ukilala chini ya mawe yako, akupe wapita njia watakaokuzunguka.