Gari Lililokaa Eda

Mume wangu alirudi kutoka Feri asubuhi, akashusha maboksi ya samaki, akaliingiza gari kinyumenyume kwenye kichochoro cha pembeni mwa nyumba kama kawaida yake, akasema anajinyoosha kidogo. Hakuamka. Presha, walisema. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kununua samaki Feri alfajiri na kuwapelekea mama lishe na wenye hoteli wa Kariakoo, na bila gari kazi haipo. Mimi nikaingia eda.

Kwa asiyejua, kwetu mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na ushee. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hakai na wanaume wa kando. Wapo wanaosema ni kifungo. Kwangu ilikuwa sawa tu, hata wangeniambia miaka kumi ningesema haya. Sikuwa nasikia kitu. Wanawake waliokuja kunipa pole walilia wao, mimi nikawa nawapokea vikombe vya chai visimwagike. Nilimsikia mmoja jikoni akimnong'oneza mwenzake kwamba mjane mwenyewe mkavu. Ni kweli nilikuwa mkavu. Nilijaribu kulia mbele yao machozi yakagoma, nikaona shauri yao.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya chini, katika zile chache zilizobaki mtaani. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa. Kati ya ukuta wetu na ghorofa la kulia kuna kichochoro ambacho mume wangu alikiezeka mabati, akaweka geti mbele na mlango wa kuingilia uani nyuma, gari likawa linalala humo. Kariakoo ukiliacha gari barabarani, ukirudi unakuta watu wameshapanga soksi juu ya boneti.

Msiba haujapoa vizuri, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja. Akakaa kibarazani, mimi ndani, pazia katikati.

"Shemeji," akasema, "gari lisipowashwa linakufa. Inaanza betri, halafu kingine na kingine. Bora tuliuze likiwa zima."

"Nani kasema linauzwa?"

"Sasa utaliendesha wewe?"

Nikamwambia eda ikiisha aje alikute zima, na akilikuta limekufa auze, sitasema neno. Tulibaki wawili mle ndani, mimi na mama mkwe, na gari likiuzwa tungekaa kusubiri kusaidiwa. Nilisema vile kwa sababu hiyo. Maishani mwangu sikuwa nimeshika usukani hata kwa mchezo.

Mwanamume wa kando kunifundisha haiwezekani, kwa hiyo nikamwomba jirani. Ni mwanamke wa Kilimanjaro, ana duka la mashuka ya jumla chini ya lile ghorofa la kulia, na ana pikapu yake anayoiendesha mwenyewe huku akiwafokea wasukuma mikokoteni. Mkristo, haelewi sana mambo ya eda, akauliza kama kukaa ndani ya gari si kutoka. Swali lilikuwa la maana. Mama mkwe ndiye aliyelimaliza. Akasema gari likiwa ndani ya geti ni chumba kama vyumba vingine, ila tairi zisivuke kizingiti.

"Basi bibi tumeelewana," jirani akasema. "Twende darasani."

Somo la kwanza hakunipa hata ufunguo. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva, akasimama mlangoni amejishika kiuno.

"Kiti kwanza. Vuta mbele, mguu unaning'inia huo."

Mume wangu alikuwa mrefu. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, kimelala kidogo, vile alivyokiacha. Nikamwambia sikivuti. Akaenda dukani kwake akarudi na mito miwili ya maonyesho, akaniwekea mgongoni.

"Kuwashia hapa itakusaidia," akasema. "Barabarani utaniulia mtu."

Halafu akaendelea. Vioo, cha kati na vya pembeni. Mkanda, hata kama huendi popote, ili mkono uzoee. Hendibreki ivutwe. Gia iwe kwenye P. Redio, AC na taa vizimwe kwanza, visije vikainyonya betri wakati wa kuwasha. Mguu wa kulia kwenye breki, wa kushoto upumzike, hauna kazi kwenye gari la oto. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usiwe na pupa, ziangalie, nyingine zitazimika zenyewe. Ndipo upige stata. Likishika, achia ufunguo, usikanyage mafuta, liache lingurume mpaka sauti itulie. Alinirudisha mwanzo mara nyingi hadi nikamchukia. Nikawa nafanya kama ninavyoosha vyombo, mikono inakwenda yenyewe.

Siku aliyonipa ufunguo, gari liliwaka, na ile sauti ikaongea.

Niliisahau. Ni gari dogo la Kijapani, na kila likiwashwa kuna mwanamke anaongea Kijapani kwenye dashibodi, sauti nyororo, maneno marefu, halafu ananyamaza. Hakuna fundi aliyewahi kutuambia anasema nini. Mume wangu alishaamua kwamba anamwamkia. Kila alfajiri, mimi nikiwa namshikia geti, nilimsikia akimjibu kwa heshima zote, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Kisha ananitolea kichwa dirishani, "Unaona mtoto aliyelelewa?" Nilikuwa namwambia huyo mke mwenzangu ana adabu za kinafiki. Huo ndio uliokuwa utani wetu, na haukuchuja.

Siku ile sauti iliongea ikamaliza, hakuna aliyeijibu. Nikangoja nione kama nitaumia. Sikuumia. Nikaangalia taa za dashibodi, zilikuwa zimezimika zinazotakiwa kuzimika.

Tangu hapo kila baada ya siku chache nililiwasha na kuliacha lingurume robo saa na zaidi, betri ipate chaji. Mama mkwe akaanza kuja. Anafungua mlango wa nyuma, anakaa, anashika tasbihi yake. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Mama, unahitaji kitu?" Akasema anataka kukaa tu. Ndani ya gari mlikuwa na harufu ya samaki na ya mafuta ya nywele ya mwanawe. Sauti inaongea, sisi kimya, gari linanguruma, nazima, tunarudi ndani kupika.

Jirani alikuwa ametuambia geti liwe wazi gari likiwaka, tukaliacha wazi nusu. Lakini Kariakoo haina nusu wazi. Siku moja muuza mikanda akatia kichwa kuuliza kama tunakodisha stoo, akanikuta nimekaa na nguo zangu nyeupe za eda. Mama mkwe alimtoa mbio. Toka siku hiyo akasema geti lifungwe, komeo litiwe, na chini lizibwe kwa gunia, wasichungulie. Mlango wa uani tulikuwa tunaufunga siku zote kwa sababu ya paka. Wote wawili tumekulia kwenye majiko ya kuni, moshi kwetu ni kitu cha kukohoa ukapita. Jirani alikuwa amesafiri kwao kwa maziko. Kwa nini geti liwe wazi, hatukuwa tumeelezwa.

Ikaja siku ya joto lile la kabla ya mvua. Baada ya alasiri tukaingia garini, nikawasha kwa utaratibu wote niliofundishwa, nikapandisha vioo nikawasha AC. Kichwa kikaanza kugonga. Kilikuwa kinagonga tangu msiba, sikukitilia maanani. Mama mkwe akaacha tasbihi, akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, akalala. Na mimi usingizi ukanijia, mzuri, ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu. Niliona kabisa kwamba kuna kitu si sawa. Niliona, nikaona pia kwamba kuinuka ni kazi kubwa na sina haja nayo. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimekaa tu.

Geti likapigwa. Jirani alikuwa amerudi safari, akasikia muungurumo nyuma ya geti lililofungwa. "Zima gari," akasema, akarudia, akapiga kwa ngumi. Sauti yake ilinifikia kwa mbali sana. Kusema kweli, ingekuwa mimi peke yangu sijui kama ningeuzungusha ule ufunguo. Lakini niliinua macho nikaangalia kioo cha kati, nikamwona mama mkwe, mdomo wazi, tasbihi imemdondoka. Nikazima. Miguu haikunibeba, nikaenda kwa magoti mpaka getini, nikavuta komeo.

Jirani alimbeba mama mkwe mgongoni kama kiroba, akamlaza kwenye kibaraza cha duka lake, mimi akanivuta mkono. Tukakaa pale na nguo zetu za nyumbani, Kariakoo nzima inapita. Yule yule muuza mikanda ndiye aliyempepea mama mkwe kwa kifuniko cha boksi. Mama mkwe alitapika, akafumbua macho, akauliza nani amezima gari.

Hospitali walimwekea hewa ya mashine, na mimi pia. Daktari akatuambia ni moshi wa gari, kwamba si ule wa kuni wa kukutoa machozi ukakimbia, huu unakulaza. Tuliporudi nyumbani jirani akaenda zake dukani. Alinisemesha kesho yake.

"Ungekufa na bibi wa watu," akasema. "Nikufundishe breki, nikufundishe gia, halafu unajifungia na moshi kama nyama ya kukausha. Una akili wewe?"

Nikamwambia sijui. Akakaa chini pale pale jikoni akalia yeye, mimi nikampelekea chai.

Wanawake wakaanza kusema kwamba eda imevunjika, mjane kaonekana barabarani na wanaume. Mama mkwe alisikia. Akatuma ujumbe kwamba dharura ni dharura, na mwenye la zaidi aje amwambie yeye usoni. Hakuna aliyekuja.

Basi geti likawa wazi, lote, na mlango wa uani nao wazi, hewa inapita moja kwa moja, paka shauri yao. Kunisitiri, jirani akafunga kamba getini akatundika shuka kutoka dukani, lile la kitanda cha sita kwa sita, jekundu lenye mawaridi makubwa. Nikawa nawasha gari nyuma ya mawaridi. Na kwa kuwa ni Kariakoo, kila mara kulikuwa na mkono unalipapasa kwa nje na mtu anauliza, "Hili bei gani?" Mama mkwe kutoka kiti cha nyuma anajibu, "Nenda duka la hapo pembeni." Jirani akaniambia mashuka ya mawaridi yameanza kutoka dukani kuliko ya mistari. Nilicheka, nadhani. Mdomo ulicheka.

Eda ikaisha na gari zima. Shemeji alikuja, akapiga stata mwenyewe, likawaka mara moja. Akasema, "Haya," akaondoka. Nikaenda chuo cha udereva, nikajifunza kwa gari lao, kwa kiti chao, ambacho kila mmoja anakivuta na kukisukuma na hakimuumi mtu. Nikapata leseni. Lile la nyumbani bado nililiwasha na mito mgongoni, kama zamani.

Hatimaye ikafika asubuhi ya kwenda Feri mwenyewe. Nimeswali, nimepakia maboksi matupu, najua nitakapopita, Mnazi Mmoja, halafu chini mpaka baharini, nimeipita njia hiyo kichwani mara nyingi. Jirani alikuja na khanga mabegani kuja kufungua lile shuka. Mama mkwe tayari yuko kiti cha nyuma, hajaulizwa, kavaa baibui lake la safari.

Nikatoa mito. Mguu haukufika breki sawasawa. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba itafika hapa. Jirani amesimama mlangoni, safari hii hakusema "kiti." Nikainama, nikashika chuma cha chini ya kiti, nikavuta. Kilikuja mbele kwa urahisi, kikajifunga mahali pangu. Nikageuza vioo vinione mimi. Basi, mahali pake hapakuwepo tena.

Mkanda. Hendibreki. P. Mguu kwenye breki. Nikazungusha ufunguo, nikasubiri taa, nikapiga stata.

Ile sauti ikaongea, maneno yake marefu yote, ikanyamaza. Na mama mkwe, ambaye miezi yote ile alikaa nyuma yangu bila kuijibu, akasema taratibu, kama alivyokuwa akisema mwanawe, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Jirani aligonga kioo kuniuliza mbona siendi, au gari lina shida. Nikatikisa kichwa kwamba sivyo. Nilikuwa nalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mume wangu alipolala, na mama mkwe ameniwekea mkono begani kutoka nyuma. Geti lilikuwa wazi. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki.