Pasaka Yangu ya Oktoba

Kuna aibu mtu anasukumiwa na wenzake, lakini hii yangu niliitafuta mwenyewe kwa penseli na rula, tena nikaitangaza kwa sauti ili watu wasije wakaikosa. Mpaka leo nikipita sokoni Palma kuna mama mmoja muuza samaki (jina lake silitaji, atafurahi mno) huniuliza kama mlango wangu umeshapona. Basi acha niwaeleze mwenyewe, mkija kusikia kwa mwingine mjue ni wapi ameongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile gesi imeonekana baharini kwetu Msumbiji na Palma imejaa wageni mpaka chumba cha kupanga unakitafuta wiki nzima. Mimi ni wa Mueda, kule juu, nikashuka kama vijana wenzangu waliosikia kuna kazi, nikapata ya kufasiri kambini kwa wapimaji, wakubwa wanasema Kireno, wavuvi wanajibu Kiswahili, mimi katikati. Hapo Palma ndipo nilipobatizwa upya na Mzee Yohana, mzee wa kanisa dogo la Mtwara linaloshika Sabato na sikukuu zile za Musa. Alivuka mto Rovuma mwezi wa tano, akatubatiza watu tisa, akatuachia karatasi moja ya kuhesabia sikukuu, akarudi kwao.

Sasa mama yangu. Mama amenilea kwa mapadri, na ada ya shule yangu yote ilitoka kwenye mikate anayooka katika tanuri la udongo nyuma ya nyumba. Aliposikia nimehama kanisa hakunigombeza, angenigombeza ningefurahi, alinyamaza tu. Nikipiga simu anampa jirani aseme yuko shambani, hata saa ambazo hakuna mtu aliye shambani. Miezi minne hivyo. Nikamtumia ujumbe kumwomba aje aone sikukuu yetu ya kwanza, na siku ya tatu akapiga mwenyewe.

"Nitakuja mara moja tu," alisema. "Nikiona ni jambo la watu wenye akili, yaishe. Nikiona vinginevyo, usinipigie tena."

Mnaona basi nilikuwa nimebeba nini kichwani wakati nachukua ile karatasi kuhesabu. Ilisema tafuta siku ya majira ya kuchipua ambayo usiku na mchana vinalingana, halafu mwezi ukiandama hesabu siku kumi na nne, hapo ndipo Pasaka. Rahisi. Lakini katika sisi tisa ni nani aliyefika sekondari na kukaa dawati la mbele somo la jiografia? Mimi. Na mimi nilikumbuka vizuri kabisa kwamba majira ya kuchipua kwa wenzetu wa kaskazini ni Machi, ila kwetu huku kusini ni Septemba (mwalimu alilichora ubaoni kwa chaki za rangi mbili). Nikaona papo hapo kwamba nusu nzima ya dunia imekuwa ikila Pasaka wakati usio wake, na Mungu kwa rehema zake amenichagua mimi, Anselmo, niko Palma, nilirekebishe jambo hili.

Siku ya mlingano niliipata kambini kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa. Mwezi wenyewe nilipewa na Mzee Salimo, mwenye nyumba yangu, mtu wa swala tano ambaye mwezi hauandami bila yeye kujua, akanitajia tarehe bila hata kuuliza naitakia nini. Kwa hiyo mwezi wangu ulikuwa sahihi, hilo mniandikie, mwezi sikuukosea.

Sabato iliyofuata nikachora dunia ukutani kwa mkaa, nikaikata katikati, nikawafundisha. Wote wakatikisa vichwa kukubali isipokuwa dada Luzia, mkulima wa Olumbi, mwanamke mpole ambaye hata kukohoa huomba ruhusa. Akanyoosha mkono akasema yeye alizoea Pasaka inakuja mahindi yakiwa mabichi shambani, na sasa mahindi hata hayajapandwa. Mimi nikacheka (Mungu anisamehe, nilicheka), nikamwambia dada, hapa tunahesabu nyota, hatuhesabu mahindi, na hiyo Pasaka ya mahindi ni ya mapadri. Nikamwonyesha na mikorosho nje ilivyochanua, kama hiyo siyo kuchipua ni nini? Watu wakacheka pamoja nami, naye akaanza kukifunga upya kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa kimefunguka.

Vocha ya kumpigia Mzee Yohana nilikuwa nayo. Dakika mbili za kumuuliza, mzee wangu, Pasaka ni lini, zingeniokoa. Lakini nilitaka akija akute kila kitu tayari, na mama aone mwanawe ni mtu wa kuongoza, hahitaji kushikwa mkono. Nikaandika ujumbe tu: sikukuu ni mwezi ukijaa, karibuni. Akajibu kwamba wanajua, na wanakuja watu kumi na mmoja. Wanajua! Nikauonyesha ule ujumbe kwa kila mtu kama cheti.

Mama alifika siku moja kabla, jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa ile njia ya kutoka Mueda mnaijua. Kichwani kikapu kimefunikwa kitenge kipya, kapulana kama tunavyoiita kwetu. Mikate. Alikuwa ameoka usiku ule alioondoka, midogo midogo ile ninayoipenda, na harufu yake ilinifikia kabla hajaniamkua. Na mimi, badala ya kumpokea kikapu, nilisimama mlangoni nikamwambia mama, chachu haiingii humu, kesho ni Pasaka, imeandikwa. Nilisema kwa upole, lakini nilisema. Akanitazama. Akanipa kikapu mkononi, na mimi nikazunguka nyuma nikaimwaga mikate yote kwa mbuzi wa Mzee Salimo, wakaila pale pale. Niliporudi aliniuliza tu maji ya kunywa yako wapi. Usiku ule tulilala chumba kimoja, na najua hakulala, kwa sababu na mimi sikulala.

Asubuhi nikajipa moyo, akiona ibada yenyewe ataelewa. Wale wenzangu wanane walikuwa wamekwisha toa hamira majumbani, kina mama wameoka mikate migumu isiyo na chachu, na kwa kuwa mboga chungu za Waisraeli hatukuzijua nilikuwa nimeagiza majani ya mwarobaini (msijaribu). Mchana tukachinja mbuzi. Tungeishia hapo, ningekuwa na la kujitetea. Lakini nilimwona mama amekaa kwenye jamvi uani, anatazama kama mtu anayesubiri gari lisilokuja, nikataka aone kitu ambacho hatakisahau. Nikachukua damu kwenye bakuli, nikafunga majani nikapata brashi, nikaenda mbele ya nyumba, upande wa barabara, nikapaka miimo yote miwili ya mlango na kizingiti cha juu. Ile nyumba Mzee Salimo alikuwa ameipaka chokaa mwezi huo huo.

Damu kwenye chokaa, jamani, inaonekana mbali. Na kwa jua lile ilikuwa inachuruzika. Wa kwanza kusimama alikuwa dereva wa pikipiki, akazima injini. Halafu wanawake wawili waliotoka kisimani, halafu watu wa sokoni, na kabla sijanawa mikono barabara ilikuwa imeziba. Mji wenyewe umejaa wageni, watu wana hofu zao, na mimi natokea pale mlangoni nimeshika bakuli, vidole vyekundu, natabasamu. Nilisikia mtu akisema mtu amekufa humo ndani. Mwingine akasema la, huo ni uchawi wa wale watu wa juu, wa Mueda. Kutabasamu nikaacha. Mikono nikaificha nyuma, jambo ambalo halikusaidia kitu.

Watu wakapisha, akaja Mzee Salimo na kanzu yake, ametoka swala ya alasiri. Hakupandisha sauti. Aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Anselmo," akasema, "nani ameumia ndani ya nyumba yangu?"

Nikamweleza ni mbuzi, ni sikukuu, ni Pasaka. Akasema yeye ameishi Palma na Wakristo miaka mingi, na Pasaka yao anavyoijua haiji wakati huu. Na mimi, mbele ya umati ule, mbele ya mama yangu ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamjibu mwenye nyumba wangu kwamba wengine wote walikosea, wageni wangu kutoka Mtwara wakifika watamhakikishia.

Wakafika hapo hapo. Kwa hilo sitamlaumu mtu.

Pikapu ilitokea njia ya Namoto, ile ya mpakani, ikipiga honi, na watu kumi na mmoja juu yake wanaimba kwa furaha, na walichokibeba nilikiona kabla ya kuwaona wao: miti. Miti mirefu imefungwa kamba, makuti mabichi, mikeka, magodoro, na ndoo tatu za maandazi yaliyoumuka vizuri. Niliyatazama yale maandazi. Kisha nikaitazama miti. Na hapo nikaelewa, kwa sababu kuna sikukuu moja tu katika Biblia ambayo watu huiendea na miti na makuti, na hiyo ni ya Vibanda, ya mwezi wa saba kwa hesabu ya Musa, ambayo nayo huangukia mwezi ukijaa.

Mzee Yohana akateremshwa polepole, miguu imekufa ganzi. Nyimbo zikakatika walipoona damu. Akaja mpaka mlangoni, akagusa mwimo kwa kidole, akakinusa.

"Ndugu zangu," akauliza, "hii ni nini, na ni nani aliyehesabu?"

Hakuna aliyenitaja. Wote wanane walitazama chini, na dada Luzia pia, yeye ambaye alikuwa na haki ya kunitazama usoni. Nawaambia ukweli, nilidanganya kwanza. Nilisema ni mafundisho, tulikuwa tunaonyesha watoto Pasaka ilivyokuwa zamani. Mzee Yohana akaangaza macho akitafuta hao watoto. Hatukuwa na mtoto hata mmoja. Nikajaribu tena, nikasema ile karatasi, karatasi uliyotuachia mzee, imeandikwa majira ya kuchipua, na huku kwetu... Nikaona uso wa yule mzee unavyobadilika, maana karatasi aliiandika kwa mkono wake, na alikuwa tayari kabisa kuichukua lawama mbele ya watu wake waliosafiri tangu alfajiri. Ningeiacha aichukue. Neno moja zaidi na ingekuwa yake.

"Ngoja," akasema mama.

Hakuwa amesema kitu tangu jana. Akapita mbele yangu, akasimama katikati ya ule umati wa watu asiowajua.

"Mimi ni mama yake huyu. Nimepanda gari siku nzima kuja kuangalia kama mwanangu ameingia kwenye dini au ameingia kwenye kiburi. Sasa mwacheni amalize kusema."

Nilitamani ardhi ipasuke, nayo haikupasuka, iliendelea tu kushikilia watu wote wale wanisikilize. Nikaanza. Nikasema karatasi haina kosa, aliyehesabu ni mimi, hizi sikukuu zinafuata majira ya kule zilikotoka wala hazigeuki kwa sababu Anselmo alisoma jiografia. Nikasema dada Luzia aliniambia, tena mapema, nikamcheka mbele za watu, na ninamwomba radhi mbele za watu. Nikamwomba Mzee Yohana. Nikamwomba Mzee Salimo na chokaa yake. Halafu nikageuka kwa mama, nikabaki nasema mikate, mama, mikate, kama mtu aliyesahau lugha.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Watu wa Mtwara wakaanza kusimamisha vibanda uani bila kuniuliza, Mzee Salimo akaleta ndoo na akanipa brashi yake mwenyewe, nikasugua mlango mpaka jua likazama, na yule mbuzi akaliwa pamoja na maandazi, na wakasema ni mtamu.

Mama alinikuta pale mlangoni bado nasugua, ingawa mahali penyewe palikuwa pameshatakata. Akakaa kwenye ngazi.

"Hii dini yako siijui," akasema, "na mimi kwa mapadri sitoki. Lakini tangu ulipokuwa mtoto wa kwenda shule hujawahi kuniomba msamaha. Leo umeomba, tena hadharani." Akaongeza, "Ungeniomba na ulipohama bila kuniaga, tungekuwa tunaongea siku zote."

Nikaweka brashi chini nikaomba na hilo. Akaniambia nisilie, majirani wamekwisha pata ya kutosha kwa siku moja. Alikuwa apande gari kesho yake, lakini alikaa siku zote saba, na alilala kwenye kibanda cha kina mama wa Mtwara, wakamfundisha maandazi yao naye akawafundisha mkate wake.

Mimi tangu siku hiyo sihesabu. Anayehesabu kanisani ni dada Luzia wa Olumbi, ambaye hana rula, hachori dunia, na kila mwaka anapiga simu Mtwara kuuliza hata kama anajua jibu. Kazi yangu mimi ni kukata miti ya vibanda. Na kila ukaribiapo mwezi wa Machi mama hunipigia, yeye mwenyewe, saa zile ambazo kweli angekuwa shambani, na kabla ya salamu ananiuliza kwa sauti ya heshima kabisa, baba, Pasaka mwaka huu ni lini, nami namjibu subiri mama, nimuulize dada Luzia, basi huko Mueda anacheka mpaka vocha inakwisha.