Halbadiri ya Kura

Bi Mwanatabu wa Likoni aliwapikia watu harusi na hitima kwa miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumuuliza pilau yake ni ya chama gani. Mwaka wa tisini na mbili, vyama vilipokuwa vingi, ndipo walipomuuliza.

Kosa lake lilikuwa kupikia mikutano ya pande zote mbili. Upande mmoja ulisema Mungu yuko nao. Wa pili nao ulisema vivyo hivyo, na wote walipenda nyama iliyonona. Mwidani, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kabla hajavaa kanzu ya kampeni, akazunguka mtaani akisema mpishi huyu ni mnafiki, kura yake haijulikani ilipo, na anayemwita jikoni kwake anaalika fitina. Harusi mbili zikamponyoka Bi Mwanatabu kwa wiki moja.

Kisha Mwidani akatangaza halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mkosaji. Yeyote atakayemnyima kura mgombea wa upande wake, Bwana Jaffar, kisomo kitamshukia: atavimba tumbo, ataropokwa ovyo barabarani. Na Likoni halbadiri si mzaha. Mwizi wa kuku hurudisha kuku akisikia tu inatajwa. Masufuria ya kulisha watu mia tatu siku ya kisomo hayakuwa na mwingine wa kuyaweza, kwa hivyo mnafiki akaitwa apike.

Ubani ukafukizwa, misahafu ikafunguliwa. Bwana Jaffar alikaa mbele kwenye busati, uso umejaa uchamungu ambao majirani zake hawakuwahi kuuona. Msomaji hajaanza, Bi Mwanatabu akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Shikamooni wazee. Halbadiri haichagui, humpata mwenye makosa hata akiwa ndiye aliyeiitisha. Basi na Bwana Jaffar tumtaje humo: akishapita akatusahau na mifereji yetu mikavu, imshukie yeye wa kwanza. Amina ya mbele ni yangu."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akasema wallahi, hayo ni haki. Bwana Jaffar akakohoa, akasema dua nzito kama hii haifai kuharakishwa, tena ana wageni Changamwe wanamngoja. Mwidani naye akakumbuka kwamba hana udhu. Misahafu ikafungwa kwa adabu.

Pilau ililiwa yote. Ukoko haujakwanguliwa, mama watatu walikwisha kumpa Bi Mwanatabu tarehe za harusi. Mwidani akamfuata jikoni, akamuuliza kwa sauti ya chini, baina yao wawili tu, kura yake ataitia wapi.

"Kaisome halbadiri, mwanangu," akamwambia, akimpakulia ukoko. "Ikikupita salama, nitakwambia."