Pasi Fupi za Baba, Masika ya Bagira

Harufu ya matope ya mtaa wetu wa Bagira siifananishi na nyingine: udongo mwekundu uliolowa, moshi wa makala, majani ya migomba yanayooza. Ndiyo harufu ya masika ambayo baba yangu alinyang'anywa timu. Alikuwa kocha wa vijana wa parokia, na uwanja wao ulikuwa mgongoni mwa kilima. Ukiupiga mpira juu, unabingirika hadi bondeni, na mechi inasimama mpaka urudi. Basi baba aliwafundisha kuupitisha chini, mguu kwa mguu, pasi fupi fupi, mpinzani asiuguse. Aliyeubutua aliufuata mwenyewe bondeni, na akirudi alikaa nje. Wakati wa kiangazi ilikuwa raha kuwatazama. Shida ni kwamba baba alifika mahali akaamini mpira hauna njia nyingine, hata mvua ikinyesha.

Walipokuja vijana wa Katana, katikati ya uwanja palikuwa bwawa. Wakubwa wa parokia walikwisha kumwambia wazi: ukishindwa tena, timu tunampa mwingine. Mimi nilisimama na mama chini ya mwavuli, nikiona kila pasi inakwama kwenye tope. Watu wakapaza sauti: "Papa Safari, ambia batoto bapige mbali!" Walimwita baba kwa jina la Safari, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa beki. Baba akajibu bila kugeuka: "Mupira iko yetu. Tubapatie sababu ya nini?" Haukupita muda, Safari akamrudishia kipa, mpira ukalala majini mbele ya goli, na kijana wa Katana akaja akausukuma ndani. Muuza mandazi mmoja akapiga kelele: "Muzee, na matope nayo ilikuomba pasi?" Uwanja mzima ukacheka. Tulishindwa hivyo hivyo. Mama akafunga mwavuli, tukapanda nyumbani tukilowa.

Jumapili iliyofuata kocha mpya akawaambia wabutue, wakashinda. Jumapili hiyo Safari alirudi uso unang'aa. Baba akamwuliza: "Mukiisha kuipiga mbali, ni nani anabakia nayo?" Safari akainama. "Ni bengine, papa. Lakini tulishinda." Baba akasukuma sahani ya bugali, akatoka nje. Uwanjani hakukanyaga tena.

Leo wajukuu wangu wananiita mbele ya televisheni: "Koko, angalia, huyu kocha anajua mupira!" Ni Mzungu, timu yake inapasiana chini vilevile, na akishindwa wanamvumilia. Yeye ana uwanja wa majani yaliyokatwa vizuri. Kilima chetu kimejaa nyumba. Watoto wanacheza barabarani, na pasi tatu hazitimii kabla pikipiki haijapita katikati yao. Wajukuu wakisikia habari hii wanasema baba yangu alikuwa na akili iliyotangulia wakati wake. Mimi sisemi hivyo. Siku ile ya mvua alipaswa kusema, "Pigeni mbali," halafu kiangazi arudie pasi zake. Hakusema, na nyumba yetu haikusikia tena kicheko chake mpaka tulipomzika.